Afe Punda, Mzigo Ufike?

Upo msemo wa wahenga ambao nimeusikia tangu utoto, na ambao sikuwahi kuuhoji mpaka nilipostaafu: afe punda, mzigo wa bwana ufike. Watu huusema huku wakicheka, hasa wanapokuwa na kazi ya kumaliza. Aghalabu anayecheka ni mwenye mzigo, punda hajaulizwa. Katika kurasa hizi chache nataka kuuhoji msemo huo, na kilichonisukuma kufanya hivyo si punda, bali kompyuta kuukuu iliyo juu ya meza yangu hapa Masama.

Swali lenyewe ni hili. Je, ni halali kukidai chombo, au kumdai mtu, kazi iliyo zaidi ya ile ambayo aliyekitengeneza au aliyemwandaa ametoa ahadi kwamba itawezekana? Na ikiwa ni halali, ni kwa masharti gani?

Kompyuta hiyo ilikwisha kutumika ofisini kwa watu kabla ya kunifikia. Prosesa yake, yaani kile kipande kidogo kinachofanya hesabu zote, ni Intel Pentium Dual-Core E5200, aina iliyotoka mwaka 2008. Naitumia kwa mambo mawili: kuandika, na kutunza hesabu za kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Kikundi kina wastaafu, wakulima wa kahawa na ndizi, na wajane kadhaa ambao akiba yao yote imo ndani ya faili moja. Faili hilo limekua mwaka hadi mwaka, na ilifika mahali nikilifungua naweza kunywa nusu kikombe cha chai kabla halijatokea.

Mjukuu wangu, anayesomea ufundi wa umeme, alikuja likizo akaniona nikisubiri. Akacheka. "Babu," akasema, "prosesa hii ina nguvu kuliko inavyokuonyesha. Niruhusu niipandishe mwendo." Nikamwuliza kama hilo si sawa na kumchapa viboko mzee. Akavuta kiti, akanieleza, na kwa kuwa nilikuwa mwalimu maisha yangu yote, nilifurahi kufundishwa.

Prosesa, ndugu msomaji, hufanya kazi kwa mapigo, kama wanakwaya wanavyofuata mkono wa kiongozi wao. Hii yangu hupokea pigo la msingi la megahezi 200, kisha hulizidisha mara 12.5, ikapata megahezi 2,500, yaani mapigo bilioni mbili na nusu kwa sekunde moja. Hiyo ndiyo kasi aliyoiandika mtengenezaji. Lakini katika ukurasa wa mipangilio unaofunguliwa kabla Windows haijawaka, baadhi ya kompyuta humruhusu mwenyewe kulibadili lile pigo la msingi. Ukiliweka 240, prosesa itakwenda gigahezi 3. Ukiliweka 266, itapita gigahezi 3.3. Hulipi hata senti moja.

Nilimwuliza swali ambalo kila mwalimu angeuliza: ikiwa inaweza kwenda gigahezi 3, kwa nini mtengenezaji akaandika 2.5? Jibu lake lilinigusa kuliko nilivyotarajia. Prosesa nyingi hutoka katika mtambo mmoja, kwa ramani moja. Hupimwa, kisha hupangwa kwa madaraja. Zile zisizofika juu huandikwa kasi ya chini. Hata hivyo, soko likitaka nyingi za bei nafuu, hata zile zenye uwezo mkubwa huandikwa kasi ya chini, ili mahitaji ya soko yatimizwe. Kwa hiyo lebo inasema ukweli, lakini si ukweli wote. Inasema, "Hiki ndicho tunachokihakikishia." Haisemi, "Hapa ndipo uwezo wake unapoishia."

Nikakumbuka mitihani ya darasa la saba ya zamani. Nafasi za sekondari zilikuwa chache mno, na maelfu ya watoto waliofaulu vizuri waliachwa kwa sababu viti vilikwisha. Vijijini tulisema "ameshindwa", ilhali ukweli ulikuwa "hakuchaguliwa". Baadhi ya watoto hao waliishi na lebo ile mpaka uzeeni. Basi nikamwambia mjukuu wangu kwamba kama jambo lenyewe ni kuipinga lebo, mimi niko upande wake. Kumwacha mwenye uwezo akae bila kutumika nako ni aina ya ubadhirifu.

Huo ndio upande wa kwanza wa shauri hili, nami naukubali mpaka leo. Mtu akiniambia ni dhambi kujaribu kupita kiwango kilichoandikwa, nitamwambia la hasha. Mwaka 1998 ilitoka prosesa ya bei ndogo iitwayo Celeron 300A, iliyoandikwa megahezi 300. Vijana wa nchi nyingi waligundua kwamba nyingi kati yake zilikwenda megahezi 450 bila shida, na kwa njia hiyo wasiokuwa na fedha wakapata kasi ya matajiri. Sioni kosa hapo. Walijaribu mali yao wenyewe, na wakijua wanalolifanya.

Lakini katika miaka hiyo hiyo ya 1990 walikuwepo wafanyabiashara waliochukua prosesa za kasi ndogo, wakafuta maandishi yake, wakaandika kasi kubwa, na kuziuza kwa bei ya juu. Watengenezaji walianza kukifunga kile kizidishi kisibadilishwe, na udanganyifu huo ulikuwa miongoni mwa sababu. Tazama sasa: kitendo ni kile kile, kuipandisha prosesa mwendo, lakini mmoja anajua na mwingine hajui. Yule kijana akiharibikiwa anaharibikiwa yeye. Mnunuzi aliyedanganywa anabeba hatari ambayo hakuichagua. Nadhani hapa ndipo mzizi wa jambo ulipo, nami nitaurudia.

Tulianza kazi siku ya Jumatatu. Kwanza mjukuu wangu alinakili mafaili yote ya kikundi kwenye diski nyingine, akaiweka kabatini. Kisha akafungua kompyuta, akatoa vumbi la miaka, akasafisha feni, akafuta ile pesti kavu iliyo kati ya prosesa na bati la kupozea, akapaka mpya. Alisema mwendo ukiongezeka joto huongezeka kwa kiasi hicho hicho, lakini volteji ikiongezeka joto hupanda kwa mraba wake. Nilichukua kalamu. Mwendo ukizidishwa kwa asilimia 20 na volteji kwa asilimia 10, unapata 1.2 mara 1.21, yaani joto litokanalo na kazi huongezeka kwa takriban asilimia 45. Volteji kubwa, pamoja na joto, ina madhara mengine yasiyoonekana: chembe za metali katika nyaya nyembamba mno za prosesa husukumwa polepole kutoka mahali pake, na chombo kikachakaa kabla ya wakati. Kwa hiyo tuliafikiana kutoigusa volteji kabisa.

Alinionya pia kwamba pigo la msingi haliendeshi prosesa peke yake. Kumbukumbu ya kompyuta hufuata pigo hilo, na katika kompyuta nyingi za zamani hata njia zinazokwenda kwenye diski huharakishwa nazo, usipozifunga kwenye kasi yake. Unadhani umemharakisha mmoja, kumbe umewaharakisha majirani zake wote, na mafaili yakaharibika kwa kosa la asiyehusika. Sisi wa mlimani tunalielewa hilo. Mtu akipanua mlango wa mfongo, mfereji wetu wa asili, apate maji mengi shambani kwake, ni kingo za chini, kwenye shamba la mwingine, zinazobomoka kwanza.

Tukapandisha hatua kwa hatua: 210, 220, 230, 240. Kila hatua tuliipima kwa programu iitwayo Prime95. Iliandikwa na George Woltman kwa ajili ya kutafuta namba tasa kubwa, katika kazi ya pamoja aliyoianzisha mwaka 1996, lakini wapandishaji mwendo huitumia kama mtihani, kwa sababu huibana prosesa kwa hesabu nzito na kuyalinganisha majibu yake na majibu sahihi yanayojulikana. Katika 240 ilikwenda usiku kucha bila kosa. Katika 266 nayo ikapita usiku mzima. Tukafurahi. Hapo tamaa ikaingia, nami sitamsingizia kijana, mimi ndiye niliyesema, "Hebu jaribu zaidi."

Tukaweka 290, yaani gigahezi 3.6 na kidogo. Kompyuta iliwaka bila wasiwasi. Barua zilifunguka, kwaya ikaimba, faili la kikundi likatokea upesi kuliko siku zote. Mimi niliona kazi imekwisha. Mjukuu wangu akasema tupime kwanza. Haikumaliza saa moja, programu ikasimama na kuandika kwamba jibu moja limekosewa.

Nilitazama kioo kwa muda mrefu. Hapakuwa na moshi. Kompyuta haikuzimika. Kwaya ilikuwa bado inaimba. Ilikuwa imekosea hesabu na haikujua kwamba imekosea, na kama tusingeipima, nasi tusingejua. Ningeendelea kuingiza hisa za wajane katika faili lile, nikaamini kila tarakimu kwa sababu imetoka kwenye mashine.

Usiku ule sikulala vizuri, na sababu haikuwa kompyuta.

Mwaka 2002, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, tuliouita MMEM, ulipoanza, ada ya shule za msingi ikiwa imeondolewa, watoto walifurika madarasani. Lilikuwa jambo jema, na bado naliona hivyo. Lakini walimu walihitajika upesi. Mafunzo ya ualimu yakapangwa upya: mwaka mmoja chuoni, na mwaka wa pili kazini shuleni. Chuo nilichokiongoza kilipokea wanachuo wengi kuliko wakati wowote niliokuwa nimeuona, na wakufunzi walikuwa wachache.

Nilikuwa na mkufunzi kijana wa hisabati, mwenye bidii, asiyelalamika. Msomaji aliyewahi kuongoza watu anajua ninachotaka kusema. Anayelalamika hupunguziwa, anayenyamaza huongezewa. Nilimpa vipindi 24 kwa wiki, akaviweza. Nikampa 30, akaviweza. Mwenzake alipokwenda masomoni nikampa na vya mwenzake, kisha nikamkabidhi kazi ya kujumlisha alama za wanachuo. Kila mara nilipomwuliza, alijibu, "Nitajitahidi, Mkuu." Nami nilijivuna nayo. Katika vikao nilimtolea mfano.

Hakuanguka. Laiti angeanguka, tungemwona. Aliingia darasani kila siku kwa wakati, shati limepigwa pasi. Bali mwishoni mwa muhula aliandika 37 mahali pa 73, na mwanachuo mmoja, binti kutoka mkoa wa mbali, akaambiwa hakufikia kiwango, akarudishwa kwao. Kosa liligunduliwa baada ya miezi mingi, madaftari yalipopitiwa kwa sababu nyingine kabisa. Tukamwandikia. Jibu lilisema ameshaolewa na hatarudi.

Nami nilifanya nini? Nilimwandikia yule mkufunzi barua ya onyo. Niliandika kwa mkono wangu kwamba amekosa umakini. Aliipokea bila neno, na mwaka uliofuata akaacha kazi ya ualimu. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mimi niliyempakia nilidhani ni usufi, na alipoteleza nikamwandikia barua kuhusu miguu yake.

Wapo watakaosema nachanganya mambo: kompyuta ni chuma na mchanga, haioni uchungu, na mtu ni mtu. Ni kweli. Prosesa haina haki ninayoweza kuivunja. Ikiungua, imeungua. Na ina bahati moja ambayo mtu hana: ukiipandisha mpaka ikakataa kuwaka, unachomoa umeme, unatoa betri ndogo ya duara kama sarafu iliyo kwenye ubao wake, unasubiri kidogo, unairudisha, nayo husahau yote uliyoiamuru na kurejea katika mwendo wake wa kuzaliwa. Yule binti hakuwa na betri ya kutoa. Wala mkufunzi wangu.

Lakini ninachosema si kwamba mashine ni sawa na mtu. Ninachosema ni kwamba aliye nyuma ya mashine na aliye nyuma ya mtu ni yule yule mmoja, mwenye tamaa ile ile ya mzigo kufika. Mtengenezaji anapoandika gigahezi 2.5 anatoa dhamana: kwa kasi hii, majibu yatakuwa sahihi. Nikiipita kasi hiyo, dhamana yake imekwisha, lakini haja ya dhamana haijaisha, kwa maana wajane bado wanataka hesabu sahihi. Lazima awepo anayeidhamini. Huyo ni mimi. Anayeondoa kiwango kilichowekwa na mwingine, yeye mwenyewe anakuwa kiwango, na makosa yote yatakayofuata ni yake hata kama mkono ulioandika ni wa mwingine. Ile barua ya onyo ilipaswa kuwa na jina langu juu yake.

Isidhaniwe kwamba ni wadogo tu wanaojisahau. Mwaka 2000 kampuni mbili kubwa za prosesa zilikuwa zikishindana vikali. AMD ilitangulia kutoa prosesa ya gigahezi 1 mwezi Machi. Mwishoni mwa Julai Intel ikatoa Pentium III ya gigahezi 1.13. Haikupita hata mwezi mmoja na wapimaji wa nje wakaonyesha kwamba prosesa hiyo hushindwa katika baadhi ya kazi nzito, na mwishoni mwa Agosti kampuni ikairudisha kutoka sokoni. Mtengenezaji mwenyewe alikuwa ameivuka mipaka ya chombo chake kwa ajili ya mbio. Hata hivyo nampa sifa moja ambayo mimi sikuistahili: hakuilaumu prosesa. Alikubali kosa na kuirudisha.

Asubuhi yake nilimweleza mjukuu wangu habari za yule mkufunzi. Hakunipa pole wala hakunihukumu. Aliuliza tu, "Kwani, Babu, alikuwa anahitaji kwenda mbio, au alikuwa anahitaji msaidizi?" Kisha, kama aliyekumbuka jambo, akacheka na kukiri kwamba hata sisi tulikosea pa kuanzia. Uvivu wa kompyuta yangu haukuwa hasa kwenye prosesa. Ulikuwa kwenye diski ya zamani inayozunguka, na kumbukumbu iliyokuwa ndogo. Tulikuwa tunamharakisha asiyechelewesha kazi. Tukaenda mjini Moshi, tukanunua diski ya kisasa isiyozunguka na kumbukumbu ya kuongeza, zote kwa fedha ambazo mstaafu anaweza kuzimudu, na faili likafunguka kabla sijashika kikombe.

Tungeweza kuishia hapo. Lakini niliomba tuirudishe kwenye 240, si 290 wala 266. Mjukuu wangu alishangaa, kwa maana 266 ilifaulu mtihani. Nikamwambia tumeipima Julai, wakati wingu linakaa mlimani kutwa nzima na watu wanavaa masweta. Februari jua likiwaka, chumba hiki kitakuwa kingine, na chombo kilichofaulu kwenye baridi kinaweza kushindwa kwenye joto. Anayepima uwezo wa kitu siku yake njema, kisha akamdai hivyo mwaka mzima, hajapima kitu. Februari ilipofika niliipima tena mwenyewe, feni ikilia na nyuzi za joto zikipanda machoni pangu. Ilipita.

Katika mkutano wa kikundi niliwaeleza wanachama yote niliyoyafanya, pamoja na lile kosa la gigahezi 3.6. Mama mmoja aliuliza swali moja tu: kama nani atalipa hesabu zikikosewa. Nikasema mimi. Tukakubaliana kwamba jumla za kila mwezi zihakikiwe kwa kalamu na mwanachama mwingine, na nakala ya faili iwekwe nje ya kompyuta. Nimebandika karatasi ubavuni mwa kompyuta inayosema kasi ya mtengenezaji, kasi niliyoiweka mimi, na siku niliyoipima, ili atakayeirithi asije akadanganyika.

Basi kwa anayetaka masharti, haya ndiyo yangu, kwa chombo na kwa mtu. Kwanza hakikisha kwamba unayemharakisha ndiye anayechelewesha. Mwondolee vumbi na kumpa hewa kabla ya kumwongezea kazi. Panda kwa hatua ndogo, na hakikisha njia ya kurudi ipo. Usikiamini kimya chake. Mpime, na umpime tena siku ya joto. Ukifika kwenye kosa, rudi nyuma zaidi ya hatua moja. Waambie wanaomtegemea. Na akikosea, jiandikie barua wewe.

Yule mkufunzi bado yu hai. Nilipata anwani yake mwaka jana, nikamwandikia barua ya pili, baada ya ile ya kwanza, nikifuta kila neno la onyo na kueleza kosa lilikuwa la nani. Hajajibu, na sina haki ya kumharakisha.